Nilivyokanyaga Klachi Isiyokuwepo

Nilifanya haya nikiwa na akili timamu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mimi ni mwalimu, naishi Mandewa. Mwaka huu nilinunua kigari cha spoti, chekundu, cha milango miwili. Nilichagua oto kwa sababu klachi ilinishinda tangu nilipokuwa nikijifunza udereva.

Baba wa mchumba wangu, Mzee Saidi wa Ilongero, ni dereva mstaafu wa malori. Siku nilipokwenda kujitambulisha aliniuliza, "Hilo gari lako ni oto?"

"Hapana, baba. Ni la klachi."

"Afadhali. Oto ni gari la mvivu."

Jumamosi iliyopita akaomba nimpeleke mjini. Sikuweza kukataa, nikaamua kuigiza. Kila baada ya muda nilikanyaga kapeti kwa mguu wa kushoto, nikashika gia na kuitikisa kidogo. Mzee alikuwa akitazama barabara tu, nami nikaona nimefaulu. Nikaanza hata kukunja uso kama madereva wa malori.

Tulipofika kwenye mwinuko nikaitikisa gia kupita kiasi, ikarudi nyutro. Injini ikanguruma, gari likaanza kupoteza mwendo.

"Gia imegoma, baba," nikasema, huku nikizidi kukanyaga kapeti.

Mzee akavua kofia, akainama, akaitazama miguu yangu kwa utulivu.

"Mwanangu," akasema, "kabla hujamuoa binti yangu, hebu nionyeshe hiyo klachi unayoikanyaga."