Betri za Mzee Mulume

Sokoni Kamembe, Twahiru walimtania kwa jina la Ziraili, malaika mtoa roho, kwa kuwa hakuna fundi aliyekuwa mwepesi kama yeye kutangaza kifo cha betri. Mtu huja ameikumbatia betri yake ya sola kama mtoto mgonjwa, akiomba aambiwe kwamba inataka maji kidogo tu. Twahiru huifunga kwenye taa ya lori, huzitazama namba za kipimo zikiporomoka, kisha husema, "Hii imekufa. Uende kuizika." Wengine walimtukana. Wengi walirudi, maana hakuwa mtu wa kudanganya.

"Betri haina mzigo, inadanganya," alipenda kusema. "Uibebeshe kwanza."

Basi Maman Nzigire alipomwita nyumbani kwake kijijini Nkanka, Ijumaa moja baada ya sala, Twahiru alikwenda bila kusita. Nzigire alikuwa mchuuzi wa vitenge kati ya Bukavu na Kamembe. Mume wake, Mzee Mulume, alikuwa kitandani, mapafu yamekwisha. Umeme haukuwa umefika kwenye mlima wao. Mchana, mashine iliyompa mzee oksijeni ilipata nguvu kwenye paneli za sola juu ya bati. Giza likiingia, ilitegemea betri nne zilizopangwa chini ya dirisha. Sasa mashine ilikuwa imeanza kulia kila alfajiri. Kijana wao Bashige alikuwa Bukavu akitafuta betri mpya, na aliahidi kuzivusha mpakani siku ya Jumapili.

"Fundi, hizi zitafika dimanche, siku Bashige anarudi?" Nzigire aliuliza. "Kama hazifiki, nimubebe hospitali leo, hata kama hapendi."

Jua lilikuwa kali, na taa ya kijani ukutani ilisema betri zimejaa. Twahiru hakuisikiliza. Aliazima kitenge kikubwa, akapanda ngazi, akazifunika paneli ili jua lisisaidie, mashine ikabaki inapumua kwa betri peke yake. Namba zilianza kuteleza hapo hapo. Akainama, akazigusa betri moja moja. Mbili zilikuwa zimevimba ubavuni, za moto, zinanuka mayai viza, nazo zilikuwa zinazinyonya zile mbili nzima. Mashine ikapiga kelele. Twahiru akakimbilia ngazi kufunua kitenge. Jumapili ilikuwa mbali. Hata usiku ule zisingeuvuka.

Aliporudi ndani alimkuta Mzee Mulume anamtazama, mrija puani.

"Muntu wangu, ziko namna gani?"

Kule neno la kifo halitamkwi mbele ya mgonjwa, hata kama ni kifo cha kuku. Jambo zito lina mahali pake: mgeni akiaga, mwenyeji humsindikiza mpaka barabarani, na huko njiani ndiko ukweli husemwa. Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua hivyo, na Twahiru alilelewa vizuri. Ziraili wa sokoni ulimi ukamwingia ndani.

"Zimechoka kidogo, Mzee," alisema. "Zitafika dimanche, Inshallah." Kisha akamgeukia Nzigire. "Maman, usichomeke kitu kingine hapa. Hata telefone."

"Aksanti sana, Papa Twahiru."

Akaaga, Nzigire akajifunga kitenge kumsindikiza. Hawajavuka kizingiti, mzee akabanwa na kikohozi. Nzigire akarudi mbio. "Uende tu, Papa! Utanisamehe!" alipaza sauti kutoka chumbani.

Twahiru akabaki uani, ukweli wake mdomoni. Barabarani jirani yao Munyemana alikuwa anaosha gari lake. Angeweza kurudi akamvuta Nzigire pembeni. Angeweza hata kumwambia Munyemana, lakini mambo ya nyumba ya mtu humwambii jirani. Akaona haya. Atampigia simu akifika, alijiambia, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kurudi mjini.

Kutoka Kamembe alipiga. Simu haikupatikana. Alipiga tena na tena mpaka akaelewa: ilikuwa imezimika, kwa kuwa Nzigire alikuwa mtiifu. Mvua ikashuka ya kumwaga, na hakuna mwenye moto aliyekubali kuupanda ule mlima wa udongo. Twahiru akaanza kujifariji kwamba pengine zitavumilia. Yeye, ambaye hakuwahi kuiamini betri ya mtu, siku hiyo aliziamini zile.

Hazikuvumilia. Kabla ya kupambazuka mashine ililia, kisha ikanyamaza. Nzigire alimpepea mume wake kwa kile kitenge huku akipiga kelele za kuita watu, na Munyemana alipofanikiwa kulitoa gari kwenye matope, hapakuwa tena na mgonjwa wa kubeba.

Twahiru alikwenda mazikoni, akashika koleo na wenzake, akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakusema fundi aliyemfichia mgonjwa atauweka wapi uso wake.

Matanga yalipokwisha, Nzigire alikuja kwenye kibanda chake na zile betri juu ya toroli.

"Pima," alisema.

Twahiru akaifunga taa ya lori. Ikawaka nyekundu, ikafa.

"Siku ile ulipima vile vile?"

"Ndiyo, Maman."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Sikutaka Mzee asikie. Nilikuwa nangojea unisindikize."

Nzigire akaichomoa ile taa ya lori, akamrudishia.

"Mzee alijua," alisema. "Ulipoenda, aliniambia: huyu fundi anatuonea huruma, unibebe hospitali. Yeye mwenyewe, hakupendaka hospitali, alisema nimubebe. Nikamubishia. Nikasema hapana, Twahiru hadanganyake muntu."

Twahiru machozi yalimtoka mbele ya wateja wake. Nzigire akakaza kitenge kiunoni, akatoka, toroli akaiacha pale pale. Twahiru akainuka kumfuata, kama mgeni anavyostahili.

"Ubakie," alisema Nzigire bila kugeuka. "Usinisindikize."