Klachi ya Tatu ya Bartholomeo

Gari lilianza kutetemeka tena pale penye kituo cha mafuta, unapotoka Nyasubi kuingia barabara kuu, na Bartholomeo akajifanya hakusikia. Mnajua namna mtu anavyojifanya hasikii jino linapoanza. Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama dume la ng'ombe lililoona dume jingine, lakini gari lenyewe likabaki linajikokota, kelele nyingi na mwendo hakuna. Kisha ile harufu ikapanda kutoka sakafuni, harufu ya kiatu kikuukuu kilichotupwa motoni.

"Hapana," akaliambia gari. "Hapana, bwana. Si wewe tena."

Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Pikapu ile alinunuliwa na binti yake, Suzana, anayeuza vitenge Katoro, mgodi wa Buzwagi ulipofungwa. Kabla ya hapo Bartholomeo alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi. Kila alfajiri alibeba basi zima la watu wanaobishana Simba na Yanga, wanaokopeshana sigara, wanaochekana kwa kulala midomo wazi. Mgodi ulipofungwa, watu wale wakatawanyika, wengine Geita, wengine makwao. Vyumba vya uani kwake, walivyokuwa wamepanga mafundi wa kuchomelea na wapishi, vikabaki na makufuli. Ndipo Suzana akaleta pikapu, ya mtumba, imetumiwa na wenyewe huko ilikotoka mpaka usukani umeng'aa. "Baba, beba mizigo," akasema. "Mama atakusindikiza."

Na kweli mama alimsindikiza. Melania alikaa kiti cha mbele safari zote za Ushirombo, akila karanga na kutupa maganda dirishani, mpaka mwaka jana alipougua na kufariki. Tangu hapo Bartholomeo aliendesha peke yake. Na tangu hapo, ndugu zangu, gari halikumpa raha.

Siku hiyo alilifikisha kwa fundi Ndaki kwa kulibembeleza. Gereji ya Ndaki ni kipande cha uwanja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, chenye kibanda cha mabati na injini mbili zilizokaa nje mpaka kuku wameanza kutagia humo. Ndaki alikuwa mrefu mno, mwenye kusema polepole. Alipoiona pikapu akacheka.

"Baba Suzana! Klachi hii unaila na ugali?"

"Acha utani. Gereji ya kule stendi wameniambia gia boksi imekufa."

"Waliifungua?"

"Waliitazama."

"Mimi nami nikimtazama mkwe wangu namwona ana hela."

Ndaki akaingia, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, akaingiza gia ya tatu, akaongeza mafuta kidogo, kisha akaachia klachi. Gari lenye afya, ukilifanyia hivyo, linazima pale pale, kama mtu aliyezibwa pumzi. Hili liliendelea kunguruma, halina habari.

"Umeona?" Ndaki akasema. "Injini inazunguka, gia haina taarifa. Klachi ndiyo inayotakiwa kuwashikanisha hawa wawili, na klachi inateleza. Gia boksi haijafa. Ni pleti tena."

"Pleti tena! Si ulifunga mpya juzi juzi tu? Ndaki, sema kweli. Ulinifungia feki?"

 Ndaki alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo bado haikuwa na oili. Bartholomeo akatamani neno lile lirudi mdomoni, lakini lilikwisha toka.

Gia boksi ikashushwa. Ndaki akaitoa ile pleti, duara la chuma lenye ngozi ngumu pande zote mbili, akaiweka juu ya tofali mbele ya mwenye gari. Ngozi ilikuwa imekwisha mpaka misumari yake inaonekana. Kwenye chuma cha injini, pale pleti inapokandamizwa, palikuwa na mabaka ya bluu.

"Pitisha kidole hapa. Sili kavu, hakuna oili iliyovuja. Springi nzima. Haya mabaka ni moto. Ndiyo maana linatetemeka ukiondoa gari, pleti inashika hapa, inateleza hapa, inashika tena. Na ile ya kwanza ilikuwa hivi hivi." Akagonga pleti kwa kidole. "Pleti kama hii nimemfungia Davis wa matofali, anabeba matofali mpaka leo. Hii haikuisha kwa kazi. Imeunguzwa. Gari hili nani mwingine analiendesha?"

"Mimi tu."

"Mguu wako wa kushoto unauweka wapi?"

"Sakafuni! Nimeendesha basi la mgodi miaka yote ile, leo unanifundisha mguu?"

Simu ikalia. Alikuwa Suzana.

"Shikamoo, baba. Nasikia limekufa tena."

"Marahaba, mama. Halijafa. Linakohoa."

"Baba, klachi mbili ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ya tatu ikiungua, nakuja kuliuza. Sikugombezi. Umechoka, upumzike sasa."

Bartholomeo akasema haya, mama, akakata. Kupumzika alikujua. Alishapumzika, miezi ile baada ya mgodi kufungwa na baada ya matanga ya Melania, kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akitazama makufuli ya wapangaji. Ukipumzika hivyo, sauti yako mwenyewe inakushtua jioni unapomjibu muuza maandazi.

"Funga nyingine," akamwambia Ndaki.

"Nitafunga. Lakini safari ya kwanza napanda na wewe. Nikae kando nitazame mguu."

Kwa dereva wa miaka ile yote, hilo ni tusi. Lakini mwenye kutukana kwanza alikuwa yeye, kwa hiyo akakubali.

Asubuhi waliyoondoka, Ndaki alifungua mlango wa mbele, akajikunja, akaingia. Magoti yakagonga dashibodi. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele kabisa, kama cha mtoto. Akapeleka mkono chini kutafuta wenzo wa kukisogeza.

"Usiguse!"

Ndaki akaurudisha mkono.

"Ni cha Mama Suzana," Bartholomeo akasema, macho barabarani. "Alikuwa mfupi. Kimekaa alivyokiacha."

Ndaki akatazama magoti yake, yaliyokuwa karibu na kidevu.  Akaenda hivyo hivyo, amekunjwa kama panzi.

Kwenye lami mguu wa kushoto ulitulia sakafuni, hauna kosa. Ndaki alianza kusinzia, akajiuliza kama kweli amepoteza siku. Walipita Ushirombo, wakaacha lami, wakaingia njia ya vumbi iendayo kwenye vijiji ambako Bartholomeo huchukua mpunga. Mbele yao akatokea mwanamke wa makamo, jembe begani, anatembea kando ya njia.

Bartholomeo akatoa kichwa dirishani. "Mwangaluka, mama Mbuke!"

"Mwangaluka! Mhola?"

"Mhola duhu. Nyumbani hawajambo?"

Salamu za Kisukuma wenyewe mnazijua. Hazikatwi katikati kama kamba. Utauliza nyumba, utauliza watoto, ng'ombe, mvua, yule aliyekuwa anaumwa mguu, kisha mwenzako naye ana zamu yake ya kuuliza. Mama Mbuke hakusimama, alikuwa na shamba linalomngoja. Bartholomeo naye hakusimama. Akalitembeza gari sambamba naye, mwendo wa mguu wa mwanamke mwenye jembe, na mwendo huo ni mdogo kuliko gia ya kwanza. Mguu wa kushoto ukapanda juu ya klachi ukakaa hapo, nusu umekanyaga, nusu umeachia. Injini ikawa inavuta na inazuiwa, inavuta na inazuiwa, mpaka mama Mbuke alipokata kuelekea shambani kwake huku bado akisema na mgongo umegeuka.

Kisha wakaja wazee wawili na baiskeli ya mkaa, wanaisukuma. Kisha mchungaji na ng'ombe wake. Kisha katekista Pantaleo, ambaye habari zake hazina mwisho. Kwa kila mmoja, Bartholomeo aliegemea dirisha, uso umefunguka, sauti imepata nguvu, anacheka. Ndaki hakuwahi kumwona anacheka. Na kwa kila mmoja mguu ulikuwa pale pale juu ya klachi. Katekista alipoachana nao, harufu ya kiatu ikapanda, changa bado, lakini ni ile ile.

"Baba Suzana. Simama."

Akasimama.

"Umesikia harufu?"

Bartholomeo akanusa. Akashusha macho kwenye mguu wake kama mtu anayemkuta mgeni ndani ya nyumba.

"Kila salamu unaipikia kwenye klachi," Ndaki akasema taratibu. "Pleti yoyote itaungua. Hata ningekutengenezea ya jiwe."

 Ng'ombe walikwisha pita, vumbi linatua kwenye kioo.

"Melania alikuwa ananigombeza," Bartholomeo akasema. "Akiona mtu, ananiambia, simamisha gari, utamsalimiaje mtu huku unamkimbia? Basi nazima kabisa. Yeye ndiye alikuwa anasema nao. Mimi ninangoja tu."

"Sasa kwa nini husimami?"

Jibu la kweli Bartholomeo alilijua. Ukisimama na mkeo, watu wanajua mama anapenda mazungumzo. Ukisimama peke yako, mwanamume mzima, umezima injini na huna shida yoyote, mtu atauliza unataka nini. Utamwambia nini? Ukitembea naye sambamba unakuwa mpita njia tu. Hakuna atakayejua kwamba siku mbili hujasema na mtu.

Alichosema ni, "Watu wana kazi zao, Ndaki."

"Watu wana kazi zao," Ndaki akakubali. Akasugua magoti. "Na klachi nayo."

Walipakia mpunga wakarudi. Jua lilikuwa bado juu walipomkuta mama Mbuke anarudi toka shamba, jembe lile lile, na kifurushi cha majani ya kunde. Bartholomeo alipunguza mwendo. Mguu ukaanza kupanda. Akaukanyagisha klachi mpaka chini, akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akazima. Ukimya ulioingia humo ndani ulimtisha.

Mama Mbuke alikimbilia dirishani. "Limekufa?"

"Halijafa."

"Pancha?"

"Hapana, mama. Nimesimama tu."

Mama Mbuke akamtazama, akamtazama na huyu mrefu aliyekunjwa kando yake. Kisha akatua jembe, akaegemea mlango kama aliyefika barazani kwake.

"Mama Suzana alikuwa anasimama hapa hapa," akasema. "Siku ya mwisho alishuka, akanivuta kando, akanipa karanga. Akaniambia, mwenzangu, huyu mzee wangu nikifa ataongea na usukani." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nikamwambia, asitupite tu."

Bartholomeo hakuwahi kuambiwa hilo. Aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. Walisema habari za kunde na za mjukuu aliyeota meno, kisha mama Mbuke akachukua jembe lake, kwa kuwa giza halimngoji mtu mwenye kupika.

Gari lilipowashwa liliondoka laini, halikutetemeka. Baada ya mwendo kidogo Bartholomeo alisimama tena, pasipo na mtu. Akainama, akapeleka mkono chini ya kiti cha mbele, akavuta wenzo. Chuma kilikuwa kimeshika kutu, kikalia kwa uchungu, kisha kiti kikarudi nyuma na Ndaki akapiga yowe la raha.

"Nisamehe kwa lile la feki," Bartholomeo akasema.

"Nyoosha gari, Baba Suzana. Nimeshanyoosha miguu."

Klachi ile ya tatu imevuka mavuno yote. Suzana alipiga simu mara mbili kuulizia, ya tatu akaulizia mambo mengine. Kiti cha mbele kimebaki nyuma, kinaonekana kikubwa kuliko kilivyokuwa. Kwenye reli yake kuna alama inayong'aa pale kilipokaa zamani, na kuna asubuhi Bartholomeo huitazama kabla hajawasha.

Wiki iliyopita alifika ile njia panda ya shamba la mama Mbuke mapema mno. Akatoa gia, akavuta breki, akazima. Njia ilikuwa tupu pande zote, mpunga uliobaki umelala kwa umande. Hakuna aliyetokea. Angeweza kwenda zake. Akafungua kifuko cha karanga alichonunua stendi, akaanza kubangua, maganda anayatupa dirishani, mguu wa kushoto umetulia sakafuni. Mbali sana, mahali njia inapokunja, kitu kilionekana kinasogea, baiskeli au ng'ombe, hakuweza kujua bado. Akangoja.