Siku shirika letu lilipombeba Maman kwenye njia iliyotengenezwa ili asibebwe

Wakuu, salaam kutoka Bukavu, huku ziwani.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimeamua kufungua mdomo. Haya niliyaona kwa macho yangu, na waliohusika wako hai, wengine wamo humu humu wanachungulia. Nikidanganya watanikamata. Kiswahili changu ni cha Kongo, kwa hiyo Kifaransa kikikatiza, kipisheni kiende zake.

Najua habari za Bukavu mnazozipata ni za aina moja. Leo naleta nyingine.

Mji wetu ni milima. Mgeni anasifia view, sisi wenyeji tunalia na magoti. Nyumba yetu iko Nguba, chini ya barabara, karibu na maji. Ili ufike barabarani lazima upande ngazi za mawe, na mvua ikinyesha zinateleza kama zimepakwa sabuni.

Ngazi hizo ndizo zilizomwangusha Maman, mama yangu mzazi. Mgongo ukaumia, miguu ikagoma. Tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu.

Ila mikono yake, acheni tu. Huyu ni mama aliyelima maisha yake yote na kusonga bugali wa harusi za watu. Akikupa mkono, baadaye unahesabu vidole.

Sasa niwaeleze shirika, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu Wakatoliki, shirika ni familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja na kusaidiana. Kila Jumapili wanaume wa shirika letu wanashuka kwetu, wanamnyanyua Maman pamoja na kiti chake, wanampandisha hadi barabarani huku wakiimba. Anayewaongoza ni Papa Déo, seremala, mabega mapana na moyo mpana zaidi. Mvua inyeshe, jua liwake, wanakuja. Nawaheshimu watu hawa kuliko ninavyoweza kuandika.

Na ni desturi. Huku kwetu asiyeweza kutembea anabebwa. Zamani ilikuwa kwa kipoyi, kiti kinachofungwa kwenye miti na kubebwa mabegani. Ukimwacha mama wa watu ahangaike na wewe una mikono yako mizima, umeaibisha shirika zima.

Basi, nikasikia kazini kwamba kuna masista nje kidogo ya mji wamefungua msitu wao ulioko kando ya ziwa, na ndani wamechonga njia ya watu wa viti na magongo. Nikaenda kuikagua kwanza, maana mimi si mtu wa kuamini maneno ya ofisini.

Wakuu, nilisimama pale machozi yakanilenga.

Hakuna ngazi. Mahali ambapo mtu mwingine angeweka ngazi, wao wameizungusha njia taratibu, inapinda na kupinda hadi inafika majini bila kukutisha. Udongo umeshindiliwa vizuri, gurudumu halizami. Pembeni wamelaza mianzi ili usitoke njiani. Kwenye kona kuna sehemu tambarare ya kupumzika, na kuna kamba ya kushika kwa asiyeona. Aliyeipanga njia ile alikaa chini akamfikiria mtu kweli kweli.

Nilipomsimulia Maman, akasema, "Nitaenda. Lakini nataka nifike kwa maji mie mwenyewe. Mutu asinishike."

Nikamwambia sawa, Maman. Tatizo ni kwamba alisema tukiwa wawili tu, na mimi nikadhani njia yenyewe itajieleza kwa wengine.

Jumamosi shirika likampandisha ngazi za nyumbani kama kawaida, tukaenda wote. Tulipofika, nikabaki getini nikisalimiana na sista. Mnajua salamu za kwetu, lazima uulize habari za nyumbani, za shambani, na za ng'ombe pia.

Nageuka, hawapo.

Nasikia tu wimbo unashuka msituni.

Jamani, walikuwa wamemnyanyua! Njia imetengenezwa ili mtu asibebwe, wao wamembeba, tena mbio, kwa shangwe, wanapokezana kama wako kwenye ngazi zetu. Nikawakimbilia na viatu vyangu vya Jumapili. Niliwakuta chini kabisa, wamemtua Maman mbele ya maji, wanahema, wanatabasamu, wanasubiri asifie.

Maman alitazama ziwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Munirudishe."

Papa Déo akashtuka. "Maman, iko nini? Tulikuumiza?"

"Hapana, papa. Hamukuniumiza. Munirudishe kule kwa mwanzo. Hii njia nilikuya kuitembea mie, kumbe ninyi njo mumeitembea."

Papa Déo alijitazama viganja. Nilimhurumia sana, kwa sababu mtu yule hajui kupenda kwa namna nyingine isipokuwa kubeba. Lakini hakubisha. Akainama, wenzake wakainama, wakampandisha tena. Safari hii bila wimbo.

Kule juu Maman akakunja mikono ya kitenge chake, akashika magurudumu, akaanza.

Tulimfuata kwa mbali. Ilikuwa ngumu, sitaki kuwadanganya. Katikati kuna mwinuko, si mkali, lakini kwa mtu wa mikono ni mlima. Akasukuma, kiti kikarudi nyuma. Akasukuma tena, kikarudi. Mmoja wetu akapiga hatua, Papa Déo akamzuia kwa kifua, maana mikono yake mwenyewe alikuwa ameifungia mgongoni.

"Muache," akanong'ona. "Muache, doucement, polepole."

Maman akapumzika. Akafunga breki, akajifuta jasho, akatukana kidogo kwa Kimashi (sitatafsiri). Kisha akasukuma kwa nguvu zote na kiti kikapanda.

Nilipiga kelele kama goli limeingia.

Baada ya hapo akaanza kusimama ovyo. Alisimama kumtazama ndege mmoja mdogo hadi ndege akachoka. Akasimama kwenye kichaka cha yale matunda madogo ya njano yenye ganda kama karatasi, akachuma, akajaza mapajani. Sisi na mbio zetu tulikuwa tumepita pale bila kuyaona.

Alipofika majini, aliinama akanawa mikono, ilikuwa myeusi kwa vumbi la magurudumu. Akatugawia matunda. Papa Déo akapokea lake kwa mikono miwili.

"Maman, sasa umeona nini siye hatukukuonyesha?"

"Nilisimama kwenye nilitaka," akasema. "Basi."

Kurudi juu alituomba mwenyewe tumsukume, alikuwa amechoka.

Kesho yake, Jumapili, wakashuka kwetu kwa ajili ya misa. Wakashika kiti. Lakini kabla ya kukinyanyua, Papa Déo akapiga goti mbele ya Maman na kumuuliza, "Maman, leo tusimame wapi?"

Maman akanyoosha kidole katikati ya ngazi, pale ukuta wa jirani unapoisha na ziwa linaonekana lote. Wakamtua hapo. Wanaume wazima na makoti yao, wamesimama kimya kwenye ngazi, wanamsubiri mama mmoja amalize kutazama maji. Miaka yote ile tulimpitisha pale mbio.

Tulifika kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri. Hakuna aliyejitetea.

Nilichojifunza, wakuu: msaada ni mzuri, lakini muulize mtu kwanza anataka kusimama wapi. Na masista wale, Mungu awazidishie.

Sasa zamu yenu. Huko kwenu kuna njia za namna hii? Zitajeni, hata kama ni fupi. Maman ameshavaa miwani, yuko hapa pembeni anasubiri kusoma, na ameniambia niongeze kwamba zile za ngazi msijisumbue kumwandikia.