Programu Iliyokata Salamu

Dada yangu aliziita programu zake kwa amri, kama mtu anayewatuma watoto dukani. Kulikuwa na PIGATENA, iliyopiga namba ya Nairobi tena na tena hadi laini ipatikane. Kulikuwa na FAGIA, iliyoondoa takataka zilizoingia ndani ya barua mvua ikinyesha kwenye waya za simu. Na kulikuwa na PUNGUZA. Zote alizitunga mwenyewe bila kufundishwa na mtu, nami nilimwonea fahari nikamtangaza hata kwa watu wasiojua kompyuta ni mdudu gani. Siku hizi nikisikia mtu sokoni akiomba apunguziwe bei, neno hilo peke yake hunitia unyonge.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla mtandao haujafika kwetu. Dada alifanya kazi katika shirika dogo la maendeleo mjini Machakos. Kwenye kona ya ofisi yao palikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu kwa modemu, na ndani yake mlikuwa na kitu walichokiita ubao wa matangazo. Ukitaka kuingia, kompyuta yako inaipigia simu hiyo nyingine, zinapigiana mayowe kidogo, kisha unaacha barua zako, unachukua ulizoandikiwa, unakata. Jioni ubao wa Machakos uliupigia ubao mkubwa wa Nairobi, nao wa Nairobi ukapigia nchi nyingine. Mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye mradi wa maji Lusaka, na ofisi yetu ilikuwa na modemu pia. Barua iliyotoka Kathiani, nyumbani kwa baba yangu, ilinifikia kabla wino haujasahau kalamu.

Programu kuu ya ubao ilitoka ng'ambo na haikujua shida zetu. Shida kubwa ilikuwa simu, iliyolipiwa kwa muda, na watu wetu, ambao hawakuwa na haraka. Afisa wa Kithimani akiandika ripoti ya visima viwili, nusu ukurasa ni salamu: anawasalimu wakubwa, wadogo, wapishi, walinzi, yeye mwenyewe ni mzima ila mafua, na anatumaini nanyi mu buheri wa afya. Ndipo aseme, dhumuni la barua hii ni kuwajulisha kwamba pampu imeharibika. Bosi wa dada alipoona bili ya simu alikuja juu. Dada akakaa chini, akatunga PUNGUZA. Ilisoma kila barua, ikatafuta neno dhumuni, na yote yaliyokuwa juu ya neno hilo ikayafuta. Baadaye akaiongezea nia, lengo na kusudi, kwa wale waliojifanya wajanja. Ofisi nzima ilimpongeza.

Mimi nililijua jina tu, kazi yake sikuambiwa. Na kwa nini niambiwe? Lilikuwa jambo la ofisi yao.

Sasa niseme habari ya ndoa yangu. Nilimpenda binti wa familia ya Kiislamu ya pale mjini Machakos, watu wa biashara ya vitambaa ambao babu zao walitoka pwani. Ili nimuoe nilisilimu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa Kathiani, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Hakunigombeza wala hakunilaani. Siku ya harusi hakuja, basi. Mama alikuja peke yake, akakaa na mkoba wake mapajani hadi mwisho. Mke wangu alivumilia yote ya siku ile isipokuwa kile kiti kitupu cha baba mkwe. Tulipohamia Lusaka aliniambia kwamba hataki kuombwa radhi. Anachotaka ni baba amsalimu tu, hata mara moja, ajue kwamba amehesabiwa.

Barua za baba zikaanza kuja. Aliziandika kwa mkono, kwa Kiswahili chake cha shule ya zamani, akazitia kwenye bahasha na kuzifikisha ofisini kwa dada siku ya soko. Dada hakuzisoma. Barua ya baba kwa mwanawe wa kiume, binti haifungui, kwa hiyo alimkabidhi karani wa taipu, karani akapiga, na mashine ikafanya yake. Mimi nikapokea karatasi inayoanza hivi: “Dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba mahindi yameota.” Hakuna hujambo wala habari za huko. Kwa watu wetu, barua isiyo na salamu ni kofi.

Mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni nikirudi na karatasi. “Ameniuliza?” Nikamjibu hapana. Mwanzoni nilijaribu kulainisha, nikasema mzee ana mambo mengi, msimu umekuwa mbaya. Baadaye nilichoka kumtetea. Hata hivyo mke wangu alisema wajibu wake atautimiza, na kila nilipojibu alisimama nyuma yangu akaniamuru niandike: “Mkweo anakusalimu kwa heshima na anakuombea afya.” Nikaandika hivyo, pale juu, mahali pa salamu, kama tulivyofundishwa shuleni. Kisha nikashuka mstari, nikaanza dhumuni langu.

Miaka ikaenda hivyo. Tukija likizo, yeye alibaki mjini kwao nami nikapanda Kathiani peke yangu. Baba na mimi tulizungumza habari za mbolea na ng'ombe. Alikuwa akiniangalia kama anayengoja niseme kitu, nami nilikuwa nikingoja aseme yeye. Kiburi kile kilitoka kwake kikanifikia mimi kizima kizima. Ninajuta kwamba sikuuliza. Swali lenyewe lilikuwa fupi kuliko habari zote za mbolea.

Alikufa sisi tukiwa bado Lusaka. Mke wangu alikuja mazishini, akakaa na wanawake, akamenya viazi na kuosha sufuria, na hakuna aliyemtendea vibaya. Alinong'ona tu tukiondoka kwamba sasa imekwisha, mzee hatamsalimu tena.

Mwaka huu, mimi na mke wangu tukiwa tumesharudi kuishi Machakos, dada, ambaye siku hizi anaishi Syokimau, alikuja Kathiani kumtazama mama nami nikawakuta huko. Alikuwa amepata mtu wa kumtolea vitu vya zamani kutoka kwenye disketi, akaviweka kwenye laptopu, akataka kunichekesha. Akanionyesha PIGATENA, akanionyesha FAGIA. Akafungua PUNGUZA, mistari michache tu.

“Hii ndiyo ilituokoa,” akasema. “Inatafuta dhumuni, inakata hizo salamu zote za juu. Watu walikuwa wanasalimiana mpaka bili inalia.”

Nilimuuliza ilikata barua gani.

“Zote. Zikitoka na zikiingia. Ningeanza kuchagua aje?”

Mama alikuwa kando yetu akichambua ndengu kwenye ungo. Hajui kompyuta na hakuwa akitusikiliza, lakini neno salamu lilimfikia. Akasema kwa Kikamba, bila kuinua macho, kwamba salamu zilimsumbua sana mzee. Kila barua alikuwa akimsomea yeye kwanza kabla ya kuitia kwenye bahasha, na kila barua ilimsalimu mke wangu, ikamwomba asiweke ile ya harusi moyoni. “Likija jibu lako anatafuta humo salamu ya mkeo,” mama akasema, “halafu ananiuliza, huyu mtoto nimemsalimu hadi nimechoka, mbona hanijibu hata kidogo?”

“Alimwitaje, mwaitu?” nikamuuliza mama.

“Binti yangu. Angemwitaje tena?”

Dada aliifunga laptopu. Uso wake ulikuwa umebadilika, akaanza kusema hakujua, hakusoma, na mimi nikamwambia najua. Nilimaanisha hivyo. Hasira niliitafuta nikakosa pa kuiweka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ametenda lililompasa.

Niliteremka mjini jioni ile ile. Mke wangu alikuwa sebuleni akikunja nguo. Nilifikiri namletea zawadi, nakiri, kwamba mwishoni atalipata lile alilolingoja. Nikamweleza yote kwa utaratibu: programu, neno dhumuni, baba na barua zake, binti yangu. Alisikiliza huku shuka liko mikononi, na kwa muda mfupi uso wake ukang'aa nikafurahi.

Kisha akauliza kama ilikata za kwenda na za kuja. Nikasema ndiyo.

“Na zangu?”

“Na zako.”

Akaliweka shuka juu ya kiti bila kulimaliza. “Kwa hiyo mzee alikufa akijua mimi ndiye niliyekataa kumsalimu,” akasema.

Nikamwambia ndiyo, hivyo ndivyo alivyojua.