Mfagizi wa Chumba cha Swichi

Kila asubuhi, kabla wakimbizi wa Burundi hawajapanga foleni ya kuandikishwa, yule mfagizi wa kijiji cha Mwamgongo alivua kandambili na kuingia peku katika chumba cha swichi, mlimokuwa na kabati la chuma lililounganisha kompyuta zote za ofisi. Kusoma hakujua, lakini kabati alilijua kwa mikono. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye feni, kama anayempima mtoto homa, kisha akapitisha brashi laini kwenye kadi zenye matundu ya waya, tundu kwa tundu, bila kutikisa waya hata mmoja.

Siku mtandao ulipokatika na foleni ikalala juani, injinia wa mtandao aliwakusanya wafanyakazi mlangoni pa chumba hicho, bosi wa ofisi akiwemo, akasoma barua: mfagizi amechomoa waya wa umeme kwa fagio, anasimamishwa kazi.

“Waya upi?” mfagizi akauliza.

“Mama, wewe utajua nini?”

“Mashine hii inakula umeme kwa midomo miwili. Ukiziba mmoja, wa pili unailisha. Ningechomoa waya mmoja, ingezimaje?” Akapiga magoti, akaufuata waya wa kwanza kwa kidole, kisha wa pili. Zote mbili ziliishia kwenye soketi moja, iliyoungua ikawa nyeusi. “Nani alizichomeka pamoja, injinia? Mimi?”

Bosi akaguna. Injinia akanong'ona, “Basi mama, yaishe. Kesho njoo kazini.”

“Yaishe wapi? Umenisomea barua mbele ya watu. Kaandike nyingine, uisome hapa hapa, kwa sauti ile ile.”

Akaketi kizingitini, akanyoosha miguu, akasubiri.