Kochi ambalo Mama Sponji hajalikata

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Sponji amelilaza kochi la watu wawili chali katikati ya karakana na anang'oa pini moja moja kwa koleo. Pini zinaruka huku na huku, nyingine zinamwingia kwenye viatu, wala hashtuki. Mlangoni amesimama mwenye kochi, mwalimu wa shule ya msingi, mkoba begani, jicho kwenye saa.

"Kabla hujaenda, mwalimu," fundi anamwambia bila kuinua kichwa. "Upande huu hukaa nani?"

"Mume wangu."

"Na huu?"

Mwalimu anautazama upande huo. "Mimi," anasema, kisha anacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa. "Sijui kama nakaa, fundi. Mimi huwa jikoni, au nasahihisha madaftari mezani."

"Naona. Sponji ya upande wako ni kama ya jana. Mna miaka mingapi na kochi hili?"

"Sita."

"Basi wako nitauweka laini, ukae." Mwalimu anaondoka akiwa amesahau kuuliza kazi itaisha lini, jambo ambalo mteja wa Desemba halisahau hata kidogo.

Ndivyo alivyo Mama Sponji, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, fundi wa makochi kwa miaka ishirini na miwili. Hamkatii mtu sponji mpaka ajue nani hukaa wapi. Wapo wanaomwita mdaku, naye hakasiriki.

"Mdaku anauliza kisichomhusu," anasema. "Mtu mzito anataka sponji ngumu. Mzee anataka kiti kitakachomsaidia kuinuka. Mtoto hakai, anaruka. Nisipouliza nitakata nini? Lakini nisikudanganye, na kujua napenda. Kochi likishavuliwa kitambaa halifichi kitu."

Ameona makochi ya watu watatu yaliyobonyea ncha zote mbili, katikati pamesimama kama siku yaliponunuliwa. Hapo, anasema, wenye nyumba wananuniana. Kisha anajicheka mwenyewe. Wiki iliyopita alimpa mteja pole kwa ugomvi wa nyumbani, mteja akamtolea macho na kumweleza kwamba katikati ndipo wanaporundika nguo zinazosubiri pasi.

Miezi ya kawaida hupata makochi matatu au manne. Desemba hii amepokea kumi na tisa, na mwezi huu mmoja humpa karibu nusu ya kipato chake cha mwaka. Kila mteja anataka lake siku ileile, kabla wageni hawajabisha hodi.

"Mwaka mzima kochi limechanika na hakuna aliyeliona," anasema huku akipuliza vumbi kwenye fremu. "Wakisikia mama mkwe anakuja, au yule kaka aliyefanikiwa, ndiyo wanaliona. Wanakuja hapa roho juu. Mwingine anaongea saa nzima juu ya rangi ya kitambaa, na mimi namwona kabisa kwamba haogopi kitambaa. Anaogopa watakaokaa."

Swali lake la nani hukaa wapi halikuanza kwa hekima, lilianza kwa kosa. Miaka saba iliyopita ndugu watatu walimletea kiti cha marehemu baba yao. Walitaka kumshangaza mama yao kwa sikukuu. Mama Sponji akafanya kazi ya kujivunia: springi mpya, sponji mpya, kitambaa cha mahameli. Sponji kuukuu, iliyobonyezwa na mtu mmoja kwa miaka ishirini, akaisukumia kwenye gunia la mabaki ambalo mtengeneza mito hupita kulichukua kila jioni.

Kiti kikarudi nyumbani kimenyooka kama cha dukani. Yule mama akakaa, akainuka, akawatazama wanawe. "Mmemtoa," akasema.

"Hakupiga kelele," Mama Sponji anakumbuka. "Angepiga kelele ningejitetea. Nilisimama pale na nyundo yangu mkononi, nimekosa pa kuuweka uso. Aliyetoka mbio kwenda kwa mtengeneza mito ni mdogo wangu. Alikuta nusu imeshakatwakatwa. Hiyo nusu nyingine alirudi nayo ameikumbatia, tukaipanga chini ya ile mpya. Yule mama alijua haikuwa sawa. Alitushukuru hivyo hivyo."

Akishamtaja mdogo wake, anageukia dirisha. Ukutani, upande wa dirisha, ipo cherehani iliyofunikwa shuka. Haijafunuliwa kwa miaka mitatu.

Kwa miaka kumi na miwili karakana hii ilikuwa ya wanawake wawili. Mkubwa alitengeneza fremu na kukata sponji, mdogo alishona vitambaa. Walikuwa chanda na pete. Mteja akimuuliza mmoja, anajibiwa na mwingine, na chai ilinywewa kwenye kikombe kimoja kikubwa kwa sababu cha pili kilivunjika na hakuna aliyeona haja ya kununua kingine.

Kisha mama yao akaugua. Alikuwa akiishi kwa mdogo, mtaa wa tatu kutoka hapa, na mdogo akaacha kushona ili amuuguze. Ilikuwa Desemba. Kazi zote zikamwangukia mkubwa.

"Kila jioni alinipigia simu. Dada, mama anakuulizia. Namwambia nakuja, nimalizie hili tu. Kesho yake hivyo hivyo." Anaweka koleo chini. "Haikuwa uongo. Kila siku nilikusudia kwenda kweli. Mtaa wa tatu, nakwambia. Ningeenda hata na vumbi langu."

Mama yao alifariki siku mbili kabla ya sikukuu, ameketi kwenye kochi lake, upande wa kulia, mahali ambapo mlango unaonekana vizuri. Siku ya mazishi mdogo alimsogelea dada yake mbele ya ndugu na jamaa, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, makochi umeyamaliza?"

Hawajasemezana tena. Wakikutana sokoni, mmoja hugeuza njia. Kila sikukuu Mama Sponji hufanya kazi mpaka siku ya mwisho, kisha hulala siku nzima ili isimkute macho.

"Nilimchukia kwa lile neno," anakiri. "Mwaka mzima nilimchukia. Baadaye nikagundua nalichukia kwa sababu halikuwa na hata chembe ya chumvi. Kwenda kumwambia hivyo ndiko kulinishinda. Naona haya. Mimi ndiye mkubwa."

Jumamosi iliyopita mzee wa mkokoteni, anayembebea mizigo tangu zamani, alisukuma mlangoni kochi la watu watatu na kuondoka haraka kuliko kawaida yake. Mama Sponji hakuhitaji kuuliza ni la nani. Mishono ile miwili inayokimbizana pembeni anaijua hata akiipapasa gizani. Lilikuwa kochi la mama yake.

Kwenye mkono wa kochi palikuwa na karatasi imebanwa kwa pini. Anaitoa mfukoni mwa aproni amwonyeshe mwandishi wa gazeti hili, imekunjwa mpaka imeanza kukatika. Mwandiko ni wa haraka, wa mtu aliyeogopa kubadili mawazo.

*Najua utauliza. Kushoto nakaa mimi. Katikati watoto. Kulia alikaa mama. Hapo weka sponji mpya, atakaa dada.*

"Nilisoma nimesimama, nikamaliza nimeketi sakafuni," anasema, na machozi yanamlengalenga bila yeye kuhangaika kuyaficha.

Lakini siku ya tano sasa kochi limeegemezwa ukutani, kitambaa kimevuliwa, na upande wa kulia bado lipo lile bonde dogo alilolifanya mama yao. Makochi kumi na manne yameshaondoka. Hilo hajaligusa. Mara tatu ameshika kisu, mara tatu amekirudisha.

"Naogopa," anasema. "Pale ndipo aliponisubiri. Nikikata pale, nikapafanya pangu, si nitakuwa yule yule? Na mdogo wangu, leo anasema badilisha. Akiniona nimekaa pale je? Akisema na yeye, umemtoa?"

Anauliza kweli, anamtazama mwandishi akitaka jibu, jinsi anavyowatazama wateja wake kila siku. Safari hii wa kujibu ni yeye. Anazunguka kochi, anarudi. Halafu anachukua chaki na utepe, anajipima mwenyewe, mgongo mpaka goti, goti mpaka kisigino, akinung'unika tarakimu. Hajawahi kujipima, anasema, na amegundua kuwa ni mfupi kuliko alivyodhani.

Kisu kinapita kwenye sponji mpya kwa mkwaruzo laini. Ile kuukuu anaitoa kwa mikono miwili, taratibu, na kuifunga kwenye kanga safi. Hataitupa wala hataificha ndani ya kochi. Ataibeba mwenyewe.

"Itupwe, itunzwe, tutaamua wawili. Safari ile niliamua peke yangu kwamba kazi haingoji."

Kochi halipiti mlangoni likiwa na miguu. Hufungwa miguu likishaingia ndani, na kila Desemba kazi hiyo humwachia mzee wa mkokoteni, kwa sababu yeye hana muda wa kwenda kwa watu. Keshokutwa, Jumamosi, atakwenda yeye. Hajamwarifu mdogo wake. Kwenye simu, anasema, alishamwambia nakuja mara nyingi mno.

Simu inaita. Ni mteja, mwenye sauti inayosikika mpaka nje, anataka uhakika kwamba Jumamosi jioni atapata kochi lake.

"Halitakuwa tayari, ndugu yangu," Mama Sponji anamwambia. "Nakuomba radhi. Jumamosi nakwenda kufunga miguu ya kochi kwa mdogo wangu. Lako baada ya sikukuu."

Mteja anauliza wageni wake wakae wapi.

"Kwenye viti vya mezani. Watakaa tu, wamekuja kukuona wewe."

Mteja habanduki. Kama ni kufunga miguu ya kochi moja, anasema, hiyo ni kazi ya nusu saa. Si anaweza kwenda asubuhi, akarudi mchana akamalizia lake?

Mama Sponji anatazama makochi manne yaliyobaki, yamevuliwa vitambaa, mbao nje.

"Sirudi," anasema. "Nikishafunga miguu, nitakaa."