Robo Iliyonitia Aibu Darasani

Leo nimesahihishwa na mwanafunzi wangu, na hasira zangu zote ni juu yangu mwenyewe.

Nafundisha hesabu hapa Kariobangi. Kwenye jaribio la uwiano niliuliza: ukichanganya juisi na maji moja kwa nne, juisi ni sehemu gani ya mchanganyiko?

Halima aliandika moja ya tano. Nikamwekea kosa. Mimi nilikuwa nimefundisha kwamba ni robo, wiki nzima.

Leo amekuja na vikombe, akavipanga mezani kwangu.

"Mwalimu, hebu hesabu. Kimoja cha juisi, vinne vya maji. Si ni vitano?"

Ni vitano, jamani.

Nikamwomba msamaha mbele ya darasa.

Akaniuliza polepole, "Na wale walioandika robo ukawapa tiki?"

Walimu wenzangu, mngemjibu nini?